Mungu Hujua Umbile la Kila Mtu

1. Msichana mwenye sauti ndogo

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima, kando ya ziwa Kivu. Vipande vya nchi vimeingia majini kama vidole vya mkono, na nyumba zimepandana mlimani toka chini hata juu. Asubuhi ukungu hufunika ziwa. Jua likipanda, ukungu huondoka, na milima ya Rwanda huonekana ng'ambo ya maji.

Katika mji huo aliishi msichana mmoja aliyesoma mwaka wa tano wa shule ya msingi. Alikuwa na bidii, lakini sauti yake ilikuwa ndogo mno. Mwalimu akimwuliza swali, jibu alilijua, lakini maneno yalimkwama kooni. Wenzake waliokaa nyuma walipiga kelele: "Hatusikii!" Naye akazidi kunyamaza.

Mwaka ule alikuja darasani mtoto mgeni, msichana kama yeye. Alikuwa amekimbia vita pamoja na shangazi yake. Waliacha nyumba, shamba na mbuzi, wakaja mjini na mzigo mmoja tu. Mgeni huyo hakusema na mtu. Wakati wa mapumziko alisimama peke yake karibu na ukuta. Wanafunzi wenye maneno mengi walimzunguka, wakamwuliza: "Umetoka wapi? Baba yako yuko wapi? Uliwaona askari?" Mgeni aliinama, akafunika uso kwa mikono yake. Wale wengine walichoka kumngojea, wakaenda kucheza mpira.

Msichana mwenye sauti ndogo aliyaona hayo yote kwa mbali.

Ilipofika tarehe 29 Oktoba, mwalimu aliwasimulia wanafunzi habari za Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini Bukavu tarehe ile ile, mwaka wa 1996. Darasa lote lilitulia. Mwisho mwalimu aliuliza: "Nani kati yenu angekuwa na moyo kama wake?"

Mikono mingi iliinuliwa. Wavulana wengine walisimama na kujipiga kifua. Msichana hakuinua mkono. Alilitazama daftari lake hata kengele ikalia.

2. Swali la mvuvi

Jioni msichana alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, akichambua sambaza juu ya mkeka. Sambaza ni samaki wadogo. Zamani hawakuwamo katika ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka wa 1959, nao wakazaana sana, na leo watu wengi wa Bukavu hula kitoweo hicho na kuishi kwa biashara yake. Kaka yake msichana alikuwa karibu, akipuliza makaa ya jiko.

Msichana aliketi, akaanza kumsaidia mama. Baada ya kitambo alisema: "Mama, mimi si kitu mbele ya Mungu."

Mama aliinua macho. "Nani amekuambia maneno hayo?"

"Hakuna aliyeniambia. Leo mwalimu alitusimulia habari za Askofu Munzihirwa. Wenzangu wote waliinua mkono. Mimi huogopa hata kusoma mbele ya darasa. Mungu atanipa kazi gani?"

Mama hakumcheka. Alichukua samaki mmoja, akamweka katika kiganja cha binti yake.

"Mwanangu, sambaza hawa walivuliwa namna gani?"

"Usiku, mama. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, kisha wavu huinuliwa."

"Na wale samaki wakubwa wanaokaa karibu na ukingo?"

"Hao huvuliwa kwa nyavu nyingine, au kwa ndoana."

"Mvuvi akiwasha taa zake mchana, jua likiwaka, atapata sambaza?"

"Hapana, mama. Atarudi mikono mitupu."

"Basi. Mvuvi hufuata desturi ya kila samaki. Na Mungu, aliyeumba ziwa na samaki na mvuvi, je, hajui namna ya kumwita binti yangu?"

Msichana hakujibu. Mama aliendelea: "Nilikuwa mtoto kama wewe siku ile ya mwaka wa 1996. Tulilala chini, tukisikia bunduki. Miaka minne baadaye nilisimama njiani kumlaki askofu mwingine. Hawa wawili hawakuwa watu wa namna moja, na Mungu hakuwapitisha njia moja. Sikiliza habari zao."

3. Maaskofu wawili wa Bukavu

Habari za maaskofu hao ni hizi.

Christophe Munzihirwa alizaliwa Burhale, katika Kivu ya Kusini, mwaka wa 1926. Emmanuel Kataliko alizaliwa mwaka wa 1932 katika nchi ya Wanande, upande wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Wote wawili walipata upadri mwaka mmoja, yaani 1958. Tangu hapo kila mmoja alikwenda njia yake.

Padri Munzihirwa aliingia katika shirika la Wajezuiti mwaka wa 1963. Alisoma elimu ya mambo ya watu na uchumi huko Ubelgiji. Mwaka wa 1971 wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa walifanya maandamano, na Rais Mobutu aliwatia jeshini kwa nguvu. Padri Munzihirwa hakukubali kubaki nyuma. Aliomba aandikwe pamoja nao, apate kukaa nao katika shida yao. Ndivyo alivyokuwa mtu huyu. Palipokuwa na hatari, alikwenda kusimama hapo.

Baadaye alifanywa askofu wa Kasongo, na mwaka wa 1994 akawa Askofu Mkuu wa Bukavu. Katika mwaka huo huo palitokea mauaji makubwa ya Watutsi katika Rwanda, na baada yake watu wengi sana walivuka mpaka na kuingia Kivu, zaidi ya milioni moja. Askofu Munzihirwa aliwatetea wakimbizi, akawatetea pia raia wa Kivu. Alisema waziwazi, akaandika barua kwa wakubwa wa nchi za nje, akiomba amani.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita ilifika Bukavu. Askofu hakukimbia. Aliwahimiza watu wasimame imara katika upendo. Tarehe 29, askari waliouteka mji walilisimamisha gari lake kwenye njia panda ya Nyawera. Alishuka na msalaba wake mkononi, nao wakamwua.

Askofu Kataliko alikuwa wa namna nyingine. Alikuwa askofu wa Butembo-Beni tangu mwaka wa 1966 hata 1997, yaani miaka 31 katika jimbo moja. Kazi yake kubwa ilikuwa ya kujenga pole pole. Aliwahimiza Wakristu watengeneze barabara kwa mikono yao. Aliwahimiza walime na kufuga, wajenge shule na zahanati. Mahali ambapo mashamba yalikuwa hayatoshi, aliwasaidia watu kuhamia penye nafasi. Mwaka wa 1989 chuo kikuu cha Graben kilianzishwa Butembo, naye alikuwa mwenye kukitia nguvu. Anayejenga barabara mlimani kwa majembe hujifunza jambo moja: kungoja. Leo hatua kumi, kesho hatua kumi, mvua ikibomoa, anaanza tena.

Mwaka wa 1997 Baba Mtakatifu Yoane Paulo II alimfanya Askofu Mkuu wa Bukavu. Watu walikuwa na hofu na huzuni nyingi. Wakati ule nchi ilikuwa vitani, na tangu mwaka wa 1998 mji ulitawaliwa na chama cha waasi kilichosaidiwa na jeshi la nchi jirani. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka wa 1999, Askofu Kataliko alikemea mateso ya watu na unyang'anyi wa mali ya nchi. Wenye mamlaka walikasirika. Tarehe 12 Februari 2000 walimtenga na jimbo lake, akapelekwa Butembo na kukatazwa kurudi.

Huko alikaa miezi saba. Wakristu wa Bukavu walisali na kudai arudishwe. Mchungaji alingoja mbali na kondoo wake, kama alivyozoea kungoja barabara ifike mwisho. Tarehe 14 Septemba 2000, siku ya Kutukuka kwa Msalaba, alirudi Bukavu, na watu walijaa njiani kumpokea. Hakukaa nao siku nyingi. Tarehe 4 Oktoba alikufa ghafula, karibu na mji wa Roma.

4. Neema na umbile

"Sasa umesikia," mama akasema. "Mmoja alikuwa mtu wa kusimama mbele. Katika saa yake ya mwisho, Mungu alimpa neema ya kusimama. Mwingine alikuwa mtu wa kujenga na kungoja. Katika shida yake, Mungu alimpa neema ya kungoja miezi saba bila kukata tamaa. Mungu hakumwambia Kataliko: Kwa nini wewe si Munzihirwa?"

Msichana alifikiri kidogo, kisha akauliza: "Mama, ni Mungu aliyetaka Askofu auawe?"

"Hasha, mwanangu! Mungu hakuwatuma wenye bunduki. Dhambi ile ni ya watu, nao wataijibu mbele yake. Lakini katika saa ile mbaya Mungu hakumwacha mtu wake. Alimtia nguvu kadiri ya moyo aliompa tangu kuzaliwa. Wewe usiogope kwamba Mungu atakutaka uwe mtu mwingine. Hakukuumba kwa kukosea."

Hapo kaka yake aliyekuwa jikoni alicheka, akasema: "Vizuri sana, mama! Mimi umbile langu ni ukali. Basi nikimpiga mtu shuleni, mwalimu asinikaripie. Mungu ndiye aliyeniumba hivyo!"

Mama alimwonyesha jiko kwa kidole. "Hayo makaa unayopuliza ni ya nini?"

"Ni ya kupikia, mama."

"Yakiangukia mkeka na kuchoma nyumba, tutasema ni umbile la makaa?"

"Hapana. Tutasema mwenye kuyaangalia hakuangalia."

"Vema. Nguvu zako ni zawadi ya Mungu. Kupiga watu ni dhambi yako. Usichanganye hivi viwili. Mungu hazimi moto wako, bali anataka uivishe chakula."

Hivyo ndivyo Kanisa linavyofundisha tangu zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa aliyekufa mwaka wa 1274, alieleza kwamba neema haiharibu umbile la mtu, ila hulikamilisha. Tazameni mvua. Ni moja tu, nayo hutoka juu. Lakini katika vilima vya baridi vya Kivu hustawisha chai, na katika tambarare ya Ruzizi yenye joto hustawisha mpunga. Mvua haigeuzi chai kuwa mpunga. Lakini mimea yote miwili bila mvua hukauka, na yote miwili yapaswa kupaliliwa.

5. Injili karibu na taa

Walipokwisha kula, mama alimwambia binti yake: "Lete kitabu cha Injili. Fungua kwa Yoane, sura ya 20 na 21. Unisomee."

"Sauti yangu ni ndogo, mama."

"Mimi niko karibu."

Msichana alisoma. Wakaona jinsi Bwana Yezu, alipokwisha kufufuka, alivyowaendea rafiki zake. Maria Magdalena alikuwa akilia kaburini. Yezu hakumpa maelezo marefu. Alimwita kwa jina lake tu, naye akamtambua mara. Tomaso alikuwa mtu wa kutaka kuona kwanza. Yezu hakumfukuza. Alimwonyesha madonda yake, akamwalika ayaguse, naye Tomaso akaungama kwamba ndiye Bwana wake na Mungu wake.

Kisha wakafika kwa Petro. Huyo alikuwa mtu wa haraka. Usiku ule wa mateso alichomoa upanga, akamkata mtu sikio, na Yezu akamwamuru aurudishe. Usiku ule ule, penye moto wa makaa, alimkana Bwana mara tatu. Sasa asubuhi, ukingoni mwa ziwa, Yezu alikuwa ameandaa moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Baada ya kula, alimwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Kila alipojibu, Yezu alimkabidhi kondoo zake. Hakumwondolea moto wake. Aliusafisha, akautia katika kazi.

"Bwana ni mmoja," mama akasema. "Mmoja alimwita kwa jina, mmoja alimwonyesha madonda, mmoja alimwuliza maswali. Hakukosea hata mara moja."

Msichana alifunga kitabu. Ndipo alipotambua kwamba alikuwa amesoma sura mbili nzima kwa sauti, na mama yake alikuwa amesikia kila neno.

6. Karibu na ukuta

Kesho yake, wakati wa mapumziko, mtoto mgeni alisimama tena karibu na ukuta. Msichana alikuwa na sambaza wa kukaanga na kipande cha muhogo, vimefungwa katika jani la mgomba. Moyo wake ulipiga sana. Alifikiri: "Nitamwambia nini?" Hakupata neno.

Basi alikwenda bila neno. Aliketi chini karibu na ukuta, akafungua jani, akaliweka katikati. Hakumwuliza mgeni alitoka wapi. Hakumwuliza habari za askari. Alikula sambaza mmoja, akaangalia ziwa.

Kitambo kilipita. Mgeni naye akaketi. Kisha mkono wake ukafika penye jani, ukachukua samaki.

Walikula pamoja, wala hakuna aliyesema. Wengine walikuwa wakipiga kelele uwanjani. Kengele ilipolia, msichana alisimama na kukung'uta vumbi. Hapo alisikia sauti nyuma yake, ndogo kama sauti yake mwenyewe:

"Kesho utakaa hapa tena?"

"Nitakaa," akajibu.

Wanafunzi wenye sauti kubwa walikuwa wamemwuliza mgeni yule maswali mengi, na hawakupata hata jibu moja. Aliyesema naye kwanza alikuwa mtu wa kunyamaza.

Siku ile hakuna aliyempigia makofi, na mwalimu hakujua. Lakini msichana alirudi darasani akiwa amepata jibu la swali lake. Alikuwa ameuliza Mungu atampa kazi gani, na kazi hiyo ilikuwa ikimngojea karibu na ukuta, saizi ya mikono yake.

Mafundisho ya kukumbuka

Mungu hatuiti sote kwa sauti moja, kwa sababu alituumba kila mtu na umbile lake. Usiseme: "Kama ningekuwa kama fulani, ningemtumikia Mungu." Mtumikie kwa moyo ulio nao leo. Katika mfano wa talanta, bwana aliwapa watumishi wake tano, na mbili, na moja, kila mtu kadiri ya uwezo wake. Aliyepewa mbili hakuulizwa habari za tano. Aliyekemewa ni yule aliyefukia ile yake kwa woga.

Lakini usijifiche nyuma ya umbile lako na kulitetea kosa lako. Umbile ni shamba ulilopewa, na dhambi ni magugu yake. Mwenye shamba hulishukuru shamba, na magugu huyang'oa.

Maneno

*Umbile*: jinsi mtu alivyoumbwa na Mungu, mwili na moyo.
*Neema*: msaada wa Mungu anaotupa bure, ili tuishi kama watoto wake.
*Sambaza*: samaki wadogo wa ziwa Kivu.
*Tambarare*: nchi iliyo sawasawa, isiyo na milima.

Maswali

1. Kwa nini msichana alidhani kwamba yeye si kitu mbele ya Mungu?
2. Mvuvi huvua sambaza kwa njia gani? Mama alitaka kufundisha nini kwa swali hilo?
3. Padri Munzihirwa alifanya nini mwaka wa 1971? Jambo hilo laonyesha moyo wa namna gani?
4. Askofu Kataliko alifanya kazi gani katika jimbo la Butembo-Beni? Kazi hiyo ilimzoeza nini?
5. Kaka alitaka kutetea kosa gani? Mama alimjibu nini?
6. Yezu alimtendeaje Maria Magdalena? Tomaso? Petro?
7. Kwa nini mtoto mgeni alisema na msichana, wala hakusema na wale wengine?
8. Kazi ya nyumbani: Fikiri juu ya umbile lako. Je, wewe ni mwenye haraka, au mpole, au mwenye kuuliza sana? Andika sentensi tano: Mungu angeweza kukutumia umsaidie nani wiki hii, na kwa namna gani?